Kwa kaka wa stendi ya Mtwara: ahsante kwa viko vya babu

Kaka uliyetukuta stendi na boksi la viko vya kuvutia tumbaku, ahsante sana. Marehemu babu alituachia viko vya mpingo vya Kimakonde, vimechongwa sura za watu, na dalali alishataka kuvibeba vyote kwa bei ya kutupa, eti ni mti wa kawaida uliopakwa kiwi. Dalali naye!

Wewe ukaomba ndoo ya maji, ukatumbukiza kimoja kimoja. Vyote vikazama, mpingo hauelei. Ukavikausha, ukakwangua majivu, ukapiga picha kila sura, ukatupeleka kwa mnunuzi anayevijua. Cha juu ukakataa, ukanywa soda tu.

Mnaojua mali za wazee, mkiona mtu anapunjwa semeni. Kaka, mama anakuulizia. Msimu wa korosho ukifika, karibu Newala.