Barua kwa Asha: Alpha Centauri ni nyota ngapi?

Tanga, 12 Mei

Mpendwa Asha,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, masika yanaelekea ukingoni na anga la usiku limeanza kufunguka, kwa hiyo swali lako limefika wakati mzuri. Unasema kitabu kimoja kimewaambia wanafunzi wako kwamba Alpha Centauri ni nyota mbili, kingine tatu. Waambie tatu. Lakini usiishie hapo, maana utamu wote uko katika namna hiyo ya tatu ilivyothibitishwa.

Kesho saa nne usiku toka nao nje, mtazame kusini. Kushoto kwa Msalaba wa Kusini mtaona nyota mbili kali zimekaa jirani. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alpha. Ya karibu ni Beta. Kwa macho utaapa ni ndugu, kumbe hazihusiani kabisa: Alpha iko umbali wa miaka ya nuru 4 na ushee (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), Beta karibu 390. Zimeangukia tu upande mmoja wa anga tunakotazama. Ningeanzia hapo, wajue mapema kwamba kuonekana pamoja si ushahidi.

Alpha yenyewe, ukiitazama kwa darubini hata ndogo, inagawanyika mbili. Padre Richaud, Mjesuiti, aliliona hilo mwaka 1689 akiwa Pondicherry, India. Kuhusu hizo mbili hakuna ubishi: zinazungukana kwa takriban miaka 80, na wanaastronomia wameshazifuatilia zikimaliza mzunguko zaidi ya mara moja.

Kazi ilikuwa ya tatu. Mwaka 1915, huko Johannesburg, mwanaastronomia Robert Innes alilinganisha picha mbili za eneo lile lile la anga, zilizopigwa kwa kupishana miaka kama mitano. Chombo chake kiliruhusu jicho lione picha moja, kisha nyingine, harakaharaka. Nyota zote zinatulia, ila moja hafifu inaruka kidogo, huku, kule, huku. Ndiyo Proxima. Iko mbali na Alpha angani kwa zaidi ya vipenyo vinne vya Mwezi, na bila darubini huioni. Lakini ilikuwa inasogea kuelekea upande ule ule wa Alpha, kwa mwendo unaokaribiana.

Je, ni ya familia au ni mpita njia? Swali hilo lilikaa miaka 100, nami naliona ni zuri kuliko yote katika somo hili, kwa sababu jibu lake ni hesabu ya kidato cha sita. Proxima iko mbali na zile mbili mara 13,000 hivi ya umbali wa Dunia na Jua. Kwa umbali huo, uvutano wao unaweza kushika kitu kisichozidi kasi ya mita 545 kwa sekunde. Kikizidi hapo, kinakwenda zake. Mwaka 2017 mwanaastronomia Pierre Kervella na wenzake walitumia vipimo vya spektra (nuru ya nyota iliyotawanywa katika rangi zake, ambayo mistari yake huonyesha kasi ya nyota kuja au kwenda) kutoka kituo cha kutazamia anga cha La Silla, Chile. Ilibidi hata wasahihishe athari ya uvutano wa nyota kwenye nuru yake, ambayo huifanya ionekane kama inatukimbia. Tofauti ya kasi waliyoipata kati ya Proxima na zile mbili ni mita kama 270 kwa sekunde, karibu sawa na ndege ya abiria ikiwa angani. Imeshikwa. Inazunguka mara moja kwa miaka 550,000 hivi, kwa hiyo hakuna atakayeingoja imalize ndipo aamini.

Wape hizo kasi mbili waamue wenyewe, kisha uwaulize: ingekuwa mita 600 je?

Wakiiva, waletee Castor, nyota nyingine ambayo kwa macho huonekana moja. Darubini inaonyesha tatu, lakini mistari ya spektra ya kila moja inakwenda na kurudi kwa zamu, ishara kwamba nyota inazunguka na mwenzake, kumbe kila moja ni pacha. Jumla sita.

Wasalimie wote nyumbani. Niandikie walichojibu kuhusu zile mita 600.

Wako,
Rehema