Mdogo wangu, Kiingereza hakikuzaliwa na Kifaransa

Mdogo wangu,

Jumapili kwa mama, kule Katuba, bukari ukiwa bado na moto, ulisema Kiingereza ni mtoto wa Kifaransa. Ukatoa ushahidi: table na nation ziko kote kuwili. Wageni walikuwepo, sikutaka kukubishia mbele yao. Lakini neno lile limenikaa moyoni mpaka leo.

Maneno hayo Kiingereza kiliyaazima, hasa baada ya Wanormandi, waliosema Kifaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Na cha kuazima hakionyeshi ukoo. Meza tuliyolia siku ile jina lake ni la Wareno, kitabu ni cha Waarabu; nani atasema Kiswahili kilizaliwa Ureno? Undugu utafute kwenye maneno ya ndani kabisa: baba, mguu, samaki, hesabu za vidole.

Kifaransa kinasema père, pied, poisson. Kiingereza: father, foot, fish. Penye p huku, pana f kule, tena na tena. Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha Mjerumani, aliiandika kanuni hiyo mwaka 1822, na mimi kila nikiitazama nastaajabu upya. Kwa hiyo lugha hizo ni watoto wa ndugu. Kifaransa kimetoka kwa Kilatini, pamoja na Kiitaliano na Kireno. Kiingereza kiko tawi la Kijerumani na Kiholanzi. Babu yao wa pamoja hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi.

Na ukoo huo ni mpana. Tatu ni trois, three, tri kwa Warusi, tria kwa Wagiriki, tin kwa Wahindi. William Jones, jaji Mwingereza aliyekaa Kolkata, alitangaza mwaka 1786 kwamba Kisanskriti (lugha ya kale ya Wahindi), Kigiriki na Kilatini vinafanana mno, haiwezekani iwe bahati tu. Ila ujirani hautoshi: Wafini wanasema kolme, Wahungaria három. Wako Ulaya, lakini lugha zao ni za ukoo mwingine.

Hapa Lubumbashi nasi tuna wetu. Sisi tatu, Wabemba fitatu, Waluba wa Kasai isatu, wa Lingala misato. Sikiliza t na s zinavyopokezana.

Jumapili ijayo nitakuja na daftari. Mwombe mama atuhesabie kwa Kibemba mpaka kumi, polepole, nawe uandike.

Yaya wako