Nimesomea Kiswahili, nafundisha sayansi

Mhariri,

Mimi nimesomea Kiswahili na Historia lakini tangu gredi ya 7 ianze hapa Kenya 2023 nafundisha pia Sayansi Jumuishi, lile somo waliloweka Fizikia, Kemia na Baiolojia pamoja. JSS yetu, yaani sekondari ya chini ya gredi ya 7 hadi 9, iko ndani ya shule ya msingi, tulikuwa walimu wawili tu na mwenzangu ni wa CRE (dini ya Kikristo) na Jiografia, sasa nani angefundisha? Tukagawana. Wakati huo nilikuwa intani, yaani mwalimu wa muda, Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Kuna siku tulikuwa kwa asidi na besi. Maabara hatuna, nikawatuma watoto wachume maua mekundu ya hibiskasi kwa fensi tukayachemsha kwa sufuria, kikombe kimoja tukakamulia ndimu maji yakawa mekundu kabisa, kingine tukatia magadi yakageuka kijani. Watoto walipiga makofi! Halafu msichana mmoja akainua mkono, "Mwalimu, kwa nini yanabadilika rangi?" Nikamwambia nitakujibu kesho. Usiku nikasoma kwa simu mpaka bando ikaisha, na kesho yake nikampa maneno ya kukariri ambayo hata mimi sikuyaelewa vizuri. Mpaka leo inaniuma, yule mtoto ana kichwa cha sayansi na mwalimu aliyepata ni mimi.

CBC, huu mtaala mpya wa umilisi, siipingi. Hata hiyo siku ya maua ndiyo CBC yenyewe, zamani ningejaza noti ubaoni wanakili. Masomo pia yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9 tukapumua kidogo. Lakini semina ya siku chache haiwezi kunigeuza mwalimu wa kemia, tena kule muda mwingi uliishia kwa kujaza fomu za tathmini.

Sasa kundi lile la kwanza limeingia gredi ya 10 mwaka huu wa 2026, na mkondo mmoja kati ya ile mitatu ya kuchagua huko ni wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wangapi waliuogopa kwa sababu yetu?

Naomba TSC, tume inayoajiri walimu, kabla ya kutangaza nafasi nyingine iangalie kila JSS inakosa mwalimu wa somo gani, pasipo na wa sayansi apelekwe huyo kwanza, na kama hawatoshi mmoja azungukie shule mbili tatu za karibu. Na sekondari jirani ina maabara, ni kilomita mbili tu kutoka kwetu na Jumamosi huwa imefungwa. Watufungulie hata mara moja kwa mwezi, watoto nitawapeleka mwenyewe kwa miguu.

Mwalimu wa JSS,
Kitui