Mwanangu, acha kusugua tangi

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mama yako hajambo, ila goti lake linamsumbua mvua ikikaribia, na mvua siku hizi haikosi jioni.

Picha ulizotuma nimeziangalia mara nyingi kuliko unavyodhani. Tangi ni zuri. Kioo kinang'aa, changarawe nyeupe, na samaki wawili wa dhahabu wamejibanza juu kabisa, midomo ikigusa uso wa maji. Wawili kati ya sita, na hata wiki tatu hazijaisha. Unaniuliza umekosea wapi, ilhali kila anapokufa mmoja unatoa kila kitu, unasugua kioo, unaosha changarawe na sponji ya kichujio kwenye mfereji, kisha unajaza maji mapya. Jibu umeliandika mwenyewe ndani ya swali.

(Hapa usimsomee mama yako. Alikufundisha kwamba hakuna sufuria inayolala chafu, na sitaki asikie kuwa usafi wake umezika samaki Nakuru.)

Samaki hana choo cha kwendea haja. Uchafu wake mwingi hutoka kwa kupumua, kupitia matamvua, nao ni amonia, kitu kilekile kinachokuchoma pua ukifungua banda la kuku lililofungwa siku mbili. Ndani ya maji haionekani. Maji yanaweza kumetameta kama ya chemchemi na bado yakawa yanamuunguza samaki matamvua. Ziwani hapa amonia haiwalemei samaki upesi kwa sababu maji ni mengi, kuna matope, kuna mimea, na kila jiwe limevikwa utelezi. Unakumbuka ulivyoteleza kule Dunga ukalowa hadi kwenye sare ya shule? Ndani ya utelezi ule kuna bakteria ambao chakula chao ni amonia. Wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huichukua nitriti na kuifanya nitrati, na hiyo samaki huivumilia mradi isilundikane sana.

Tangi jipya halina bakteria hao, au linao wachache mno. Nao si kama wale wa maziwa lala, ambao ukiweka jioni asubuhi wameshamaliza kazi. Hawa ni wavivu wa kuzaana: kuongezeka maradufu huwachukua karibu siku nzima. Ndiyo maana tangi huhitaji wiki nne hadi sita kukomaa. Na hawaelei majini, hukaa wameng'ang'ania vitu: sponji, changarawe, kioo. Kwa hiyo ukimwaga maji unaondoa sumu na wao wanabaki. Ukisugua, umewaondoa wao. Wewe umesugua mara nne, basi tangi lako lina umri wa siku zilizopita tangu usugue mara ya mwisho.

Ule ukungu mweupe uliokutisha wiki ya kwanza, ulioniambia unafanana na maji yaliyooshewa mchele, haukuwa uchafu. Ni bakteria wa aina nyingine waliofumuka kwa kupata chakula cha bure. Ungewaacha siku chache maji yangetakata yenyewe.

Usidhani nakuhukumu. Mwaka ule nilipostaafu na kuanza kufuga vifaranga vya samaki wa ngege (tilapia) kwenye dramu ya lita 200 nyuma ya jikoni, nilikaa miezi miwili bila kifo. Nikaona sponji imekuwa kahawia, nikaifua kwa maji ya mfereji, nikaianika juani hadi ikakauka kama mkate wa juzi. Siku ya tatu nikaamka nikakuta weupe wa matumbo umefunika dramu. Mama yako akaniuliza kama nimewatilia sabuni. Afisa mmoja wa uvuvi aliyepita kwa jirani alitazama ile sponji safi, akacheka, akaniambia nimewafuta kazi vibarua wote kwa siku moja. Ule ukahawia ndio walikuwa wao.

Sasa kuhusu Nakuru, kwa sababu mambo ya huku siyo ya huko. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi, na mengi yana magadi kidogo. Ziwa lenyewe hapo karibu nawe ni la magadi hasa, na samaki wadogo waliomo waliletwa kutoka Ziwa Magadi karne iliyopita ili wale mabuu ya mbu. Wao wamezoea. Wa dhahabu hajazoea. Lakini kinachonihofisha zaidi ni pH, yaani kipimo cha maji kuelekea tindikali au magadi. Kadiri maji yanavyoelekea kwenye magadi, ndivyo amonia inavyogeuka kuwa ile aina kali. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu hiyo kali huongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo kipimo kilekile cha amonia ambacho huku kwangu kingemfanya samaki azubae tu, huko kinaweza kuua. Pima maji ya bomba lenu kabla hujalaumu kitu kingine. Nunua dawa ya matone ya kupimia amonia, nitriti na pH. Usianze kwa kununua mapambo tena, lile jumba la plastiki linatosha.

Halafu baridi. Samaki wa dhahabu hapendi joto, kwa hilo Nakuru inamfaa kuliko Kisumu. Lakini bakteria hupunguza kasi maji yakipoa, na usiku wa Julai huko naujua. Usishangae ukipita wiki sita.

Hao wawili waliobaki tunaweza kuwaokoa. Usiongeze wengine. Umesema tangi ni sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Zidisha, gawanya kwa 1,000, unapata lita 63, ukitoa changarawe ni kama 55. Sita walikuwa wengi mno kwa nafasi hiyo, maana huyu samaki akikua vizuri hufika urefu wa kiganja na zaidi. Aliyekuuzia alipaswa kukwambia, ila muuzaji naye ana kodi ya kibanda.

Kila siku, mpaka kipimo cha amonia na cha nitriti visome sifuri, toa robo ya maji kwa mpira, ukinyonya pale chini kwenye mavi na mabaki ya chakula, urudishe maji yaliyolala ndani ya nyumba kwenye ndoo isiyofunikwa usiku mzima. Yakilala hivyo klorini, ile dawa ya maji ya bomba, hupungua na joto lake hulingana na la tangi. Hata hivyo kuna dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauza samaki, matone machache tu kwa ndoo, na kwa sasa ningekushauri uitumie, kwani kuna klorini ya aina nyingine isiyotoka kwa kulaza maji. Ndoo hiyo iwe ya samaki peke yake. Isiguse sabuni hata ya kuoshea miguu.

Chakula, mwanangu, hapa ndipo nakujua. Wewe ni mtu wa kusema "ongeza kidogo". Wape punje wanazomaliza ndani ya dakika mbili, siku moja wale, siku moja wasile. Hawatakonda. Chakula kinachobaki chini huoza, na kikioza ni amonia tena.

Wiki ya tatu au ya nne utaona amonia imeshuka na utafurahi, kumbe nitriti ndiyo inapanda. Nitriti huingia kwenye damu ya samaki na kuifanya iwe ya kahawia, isibebe hewa. Utamwona anahema juu ingawa pampu ya hewa inafanya kazi, nawe utafikiri pampu imeharibika. Ukiona hivyo badilisha maji kama kawaida, kisha yeyusha vijiko vitatu vya chai vya chumvi ya mezani kwenye jagi la maji ya tangi, umimine polepole. Chumvi huzuia nitriti isipenye matamvua kwa wingi. Siku zinazofuata rudisha tu ile sehemu uliyotoa na maji, usirundike.

Stima ikipotea, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu mara kwa mara. Hewa hiyo ni ya samaki na ya wale vibarua pia, maana nao hupumua. Sponji ikiziba hadi maji hayapiti, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyotoka kuyatoa tangini, mara mbili tatu basi. Ikibaki na rangi, iache na rangi yake.

Nimekukatia kipande cha sponji ya dramu yangu, ukubwa wa kiganja. Kina miaka minne ya kazi. Binamu yako anapanda matatu ya Nakuru Jumanne asubuhi; nimekifunga kwa kitambaa kibichi ndani ya chombo chenye matundu, kisikauke na kisikose hewa. Mpokee stendi, usimwache akazunguka nacho mjini. Kifungue jioni hiyohiyo, kiweke ndani ya kichujio chako kando ya sponji yenu.

Kinanuka kidogo matope. Mama yako alikikuta mezani leo asubuhi, nikamwahi akiwa ameshafungua mfereji. Usikioshe.

Ni mimi,
Baba