Barua kwa mwanangu aliyeikosa biriani yake

Tanga, Jumanne usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Huku hatujambo sote. Bibi yako magoti ni yale yale, na mama yako anakusalimu kwa sauti kutoka jikoni kana kwamba karatasi hii ina masikio. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu kwenu ni marufuku, na zile dakika chache za simu ya matroni hazitoshi kwa habari niliyonayo. Barua anakuja nayo yule kijana wa jirani anayesoma chuo kikuu hapo hapo Dodoma. Nimempa na kifurushi cha visheti. Kula na wenzako, usivifungie kwenye tranka mpaka vikaota ukungu.

Sherehe ya mfuko wetu wa elimu imefanyika Jumamosi, na jina lako limesomwa. Bahasha nimeipokea mimi, nimevaa kanzu aliyoipiga pasi mama yako mara mbili, na kwenye picha nimetoka nimefumba macho. Lakini kuna jambo lilinitokea pale ambalo haliko kwenye picha, nalo ndilo lililonikalisha na kalamu usiku huu.

Unajua kwamba karamu ile mimi sikuitaka. Nilipinga kikao cha kwanza, nikapinga cha pili, cha tatu wakaacha kuniuliza. Mimi ndiye mtunza hazina. Lile kaunta buku la jalada jekundu linalolala chini ya cherehani yangu, humo ndimo mna mtaa mzima: nani huleta elfu moja yake kila mwezi bila kukumbushwa, nani hukumbushwa, na nani hukata kona akiiona baiskeli yangu. Mtu aliyeshika daftari kama hilo hawezi kuona sahani ya biriani akaiona biriani tu.

Watu wanadhani ada ikishafutwa, kusoma ni bure. Ada kweli imefutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, cha tano na sita tangu mwaka wa masomo wa 2022/23, na baba yako ni wa kwanza kushukuru. Lakini ile fomu yako ya kujiunga unaikumbuka? Niliisoma hapa dukani kama mshtakiwa anayesoma hukumu yake. Godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi mbili za rangi waliyoitaka wao, tranka, ndoo mbili, rimu ya karatasi, fyekeo, fagio la chelewa, viatu vyeusi vya kamba, kikokotoo, na juu ya yote nauli ya kukupitisha Segera, Chalinze na Morogoro hadi ufike kwenu. Ada imefutwa, godoro halijafutwa. Mfuko wetu kazi yake ni hiyo fomu.

Sasa mtu anasimama kikaoni anasema tukodi vitambaa vya kuvalisha viti. Viti 180, kila kimoja shilingi 500, jumla 90,000. Mimi hiyo naiona godoro na ndoo. Nikawaambia hivyo hivyo. Mwenyekiti akanijibu, "Fundi, wewe unaumia kwa kuwa hukupewa tenda." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Mwisho wa kikao vitambaa vikakodiwa, na mimi nikabebeshwa tepe za kufunga mgongoni mwa viti, tepe 180 za satini ya kijani, nishone bure.

Satini ni kitambaa kisicho na adabu, mwanangu. Ukikata kinafumuka nyuzi, ukipinda kinateleza kama kambale. Ningeshona mimi peke yangu, ningekuwa nipo kwenye cherehani mpaka leo. Aliyeniokoa ni shoga yako, yule wa dawati moja. Sijui kama alikwambia kwamba tangu Machi anajifunza ushonaji kwangu. Nusu ya tepe zile na zaidi ni zake. Ana mkono mwepesi kuliko wangu, na pindo lake halina haja ya kurudiwa. Siku ya sherehe hakuwa na bahasha ya kuitiwa, Division Four haikuwa kwenye orodha, lakini alikuja, akajitwika jagi na beseni la kunawisha watu mikono. Jina lako liliposomwa alikuwa amesimama kwenye meza yetu. Alipiga kigelegele akasahau kwamba ameshika jagi, na maji yote yakaishia kwenye kanzu yangu ya pasi mbili. Mwandikie. Usimwandikie mambo ya masomo.

Orodha yenyewe nayo ilikuwa na ugomvi wake. Walitaka watoto waitwe kwa kupangwa, wa kwanza mpaka wa ishirini na tatu. Hapo niligoma. Nikawauliza, Baraza la Mitihani lenyewe, Januari 2023, liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora, sisi wa mtaani tunataka kuwa Baraza kuliko Baraza? Hiyo nilishinda, mkaitwa kwa alfabeti. Isipokuwa MC hakuambiwa, au aliambiwa akapuuza. Kila bahasha alikuwa akitangaza pointi kama mnadishaji wa mitumba: "Pointi kumi hizo! Makofi ya kilo!" Na mimi niliyegoma, zilipofika zako kumi, sikukasirika hata kidogo. Nakwambia ukweli.

Mgeni rasmi alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya bibi yako, aliyefundisha nusu ya ukumbi na kuichapa nusu hiyo hiyo. Alipoanza watu wakakaa vizuri kwenye viti, wazee wazima. Hakuongea sana. Alisema Septemba 1959, Wakenya 81 walipanda ndege kwenda kusoma vyuo vya Marekani kwa mpango wa Tom Mboya, na kwamba kabla ya safari zile wazazi na majirani walikuwa wakiandaa karamu za chai na dansi ili kuwachangia watoto. Kwa hiyo, akasema, asiwepo wa kusema kwamba kula na kusomesha havikai sahani moja. Alisema hivyo akinitazama mimi. Nadhani mwenyekiti alishampasha.

Nilipoitwa kupokea bahasha yako, kutoka mezani hadi jukwaani ni hatua kama ishirini, nami nilikuwa nawaza mlango. Mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, mwaka 1987, nilipomaliza darasa la saba. Karatasi ya waliochaguliwa ilibandikwa pale. Darasa zima walichaguliwa wawili, na mimi sikuwa mmoja wao. Mwalimu akatuambia, kufaulu mmefaulu, nafasi ndiyo hakuna. Shule za kata hazikuwepo wakati ule, zilikuja kumiminika baada ya 2004. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikata mkonge. Hakusema neno, kesho yake alinichukua mpaka Ngamiani, barabara ya kumi, akanikabidhi kwa fundi. Habari hii unaijua. Nimeitaja tu ili ujue kwa nini nilichelewa kumpa mgeni rasmi mkono, akabaki ameunyoosha hewani.

Biriani ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Kisha ukaja mnada wa keki. Jamaa yetu mmoja yuko Maskati, akawa anafuatilia kwa video kwenye simu ya katibu, na kila keki ikifika bei anapandisha. Ya tatu akaichukua kwa laki mbili. Keki asiyoiona vizuri, wala hatailamba, akaagiza wapewe wale wadogo wa darasa la saba. Mahesabu ya usiku ule haya hapa, na wewe ni mtu wa hesabu: matumizi milioni moja na laki tisa, makusanyo milioni tatu na laki nne. Mwenyekiti alinisomesha tarakimu hizo kwenye kipaza sauti kwa makusudi. Nikasoma. Nisichoulizwa ni kwamba milioni moja na ushei ndani yake ni ahadi, na ahadi za kwenye karamu nazijua. Mtu akishiba ulimi unakuwa mwepesi. Nitazungukia kwa baiskeli.

Sasa sikiliza hili.

Wakati wa kula, nilikaa na mzee wa ngalawa, yule wa pale Deep Sea, mwenye jicho moja lenye mtoto wa jicho. Wewe humjui sana. Mimi ananijia dukani kila Ijumaa, sarafu ya mia tano imefungwa kwenye pindo la kikoi. Wiki nyingine sarafu inakuja na gamba la kolekole limegandia. Tangu mfuko uanze hajaacha. Watoto wake walikwishakuwa watu wazima kabla hata hatujafikiria mfuko, na mjukuu wa kusoma hapa hana.

Akaniuliza, "Fundi, mtoto wetu yuko wapi?"

Nikamwambia, "Yuko shule, mzee wangu. Dodoma."

"Ile karatasi hebu niione."

Alikuwa ameshanawa, lakini alijifuta tena mikono yote miwili kwenye kikoi ndipo akaipokea. Akaishika juu chini. Akaigeuza, akapapasa muhuri kwa kidole, akanirudishia. "Nisomee." Nikamsomea cheti chako chote, jina, shule, daraja la kwanza, sahihi ya mwenyekiti, sahihi ya mgeni rasmi. Akatulia kidogo, kisha akasema:

"Na jina langu mimi liko wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa wazee. Nilipomtazama, hakuwa akicheka, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza tu, kama mtu aliyepewa risiti akataka kuona alichonunua.

Bahati nilikuwa nimekuja na kaunta buku kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya kuandikia ahadi. Nikalitoa, nikasogeza sahani, nikafungua ukurasa wake. Nikamwekea kidole chake kwenye mstari wa juu. Akashuka nacho polepole. Mia tano, mia tano, mia tano. Miezi ya kusi mna mapengo, bahari inapochafuka, halafu unakuta elfu moja au elfu na mia tano, anafidia. Hakuna aliyemwambia afidie.

"Hizi zote mimi?"

"Zote wewe."

"Soma."

Nikasoma, mwanangu. Tarehe na kiasi, tarehe na kiasi, kurasa zake zote, MC anapiga kelele, watoto wanakimbizana chini ya meza, spika inatoboa sikio. Pale niliposhusha sauti alinigusa mkono niongeze. Biriani yangu ikapoa, yake ikapoa. Nilipofika Ijumaa ya juzi nikafunga daftari, akasema "Haya," akala.

Nikajiambia, ewe fundi, miaka yote hii mahesabu unayasoma kwa watu saba wanaokaa barazani kwa mwenyekiti, mlango mmerudisha. Vitu vya watoto mnavikabidhi pale pale, mambo ya siri, heshima ya familia. Na wenye pesa hujawahi kuwaita mahali ukawasomea. Mzee huyu amekununulia godoro, na siku ya kwanza kusikia jina lako lote ilikuwa Jumamosi, kwenye hiyo karamu niliyoikataa vikao vitatu. Nimeshamwambia mwenyekiti kwamba mwakani sitapinga. Vitambaa vya viti nitapinga.

Kuhusu bahasha: mna laki mbili. Kikokotoo kile ulichoazima ukirudishe kwa mwenyewe, kipya kimo kwenye kifurushi, chini ya visheti, kimefungwa kwenye kipande cha satini ya kijani. Vitabu vya Fizikia na Baiolojia ulivyoandika vimeshaagizwa. Nauli yako ya Desemba ameishika mama yako, na mimi mwenyewe siruhusiwi kujua ameiweka wapi. Kinachobaki nimekiandika kwenye ukurasa wako. Siku hizi na wewe una ukurasa.

Cheti nilitaka nikitie fremu kikae hapa dukani, juu ya overloki, wateja wakione. Lakini jana mzee kapita, si Ijumaa, hana sarafu. Kasimama mlangoni, anaulizia kama ile karatasi inaweza kutolewa fotokopi. Nikafunga duka tukaenda steshenari pamoja, nakala mbili, shilingi mia mia, akakataa nimlipie. Kwenye moja akaniomba niandike kwa kalamu jina lake, chini kabisa, pembeni ya muhuri. Nimeliandika kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo ukija likizo, ukapita Deep Sea asubuhi ukaona jina lako limetundikwa kwenye banda la nyavu kati ya maboya na mishipi, ingia umwamkie. Nenda mapema, kabla hajashusha ngalawa.

Ni mimi baba yako,
fundi.

Mama yako anauliza kama shuka la pili unalifua au unaliweka tu.