Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kufungulia Makundi Programu za Kazini

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka. Ada, ukaguzi wa hesabu na usajili vimo kwenye taarifa za Mweka Hazina na Katibu, kwa hiyo sitavirudia. Nafasi yangu naitumia kwa kazi iliyoishughulisha zaidi kamati ndogo ya mwongozo: namna ya kufungulia makundi ya watumiaji programu za nyongeza ndani ya Microsoft Teams, mfumo wa mawasiliano ya kazini ambao wengi wetu tunausimamia hospitalini, kwenye SACCOS, vyuoni na kwenye halmashauri.

Maswali yaliyofika kwenye kamati yalifanana sana. Msimamizi ameifungulia programu idara moja. Baadhi wanaiona, baadhi hawaioni, na wengine wanaiona lakini wakiibonyeza wanakataliwa. Chanzo ni kwamba milango ni mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza umo ndani ya Teams yenyewe. Kwa miaka mingi tumetumia sera za ruhusa, yaani orodha za programu ambazo mtumiaji anaruhusiwa kuzitumia, ambapo mtumiaji mmoja hushika sera moja tu. Aliyepangiwa sera kwa jina lake hufuata hiyo. Asiyepangiwa hufuata ya kundi lake. Asiye na zote mbili hufuata ya jumla. Mhasibu ambaye pia yumo kwenye kamati ya manunuzi hawezi kuchanganyiwa mbili, hivyo hutengenezewa ya tatu, na sera huzaana hadi hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa ya nani. Utaratibu mpya huanzia kwenye programu. Unaifungua kwenye ukurasa wa kusimamia programu, kisha unachagua: kila mtu, watu au makundi maalumu, au asiwepo hata mmoja. Kamati inashauri tuhamie huko, lakini sera zilizopo zisafishwe kwanza, maana ukishahama huwezi kurudi tena kwenye sera za zamani. Hakikisheni pia mipangilio ya taasisi nzima: kama programu za watengenezaji wa nje zimezimwa pale juu, kulifungulia kundi huku chini hakusaidii kitu. Na mabadiliko yanaweza kuchukua hata siku nzima kumfikia mtumiaji. Kuwasha na kuzima kila baada ya dakika kumi kunawachanganya watu bure.

Mlango wa pili ni wa kuingia, nao uko Microsoft Entra, sehemu ya Microsoft inayosimamia akaunti za watumiaji na kuingia kwao. Programu nyingi zina mpangilio unaosema kupangiwa ni lazima. Ukiwashwa, asiyepangiwa haingii. Kupanga kundi zima kunahitaji leseni ya kulipia ya Entra, P1 au P2; bila hiyo utapanga mtu mmoja mmoja. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Chukulia hospitali yenye kundi la Watoa Huduma, na ndani yake kuna makundi ya Maabara na Famasi. Teams, kwa utaratibu mpya, inatambua waliomo kwenye makundi ya ndani. Entra, katika kupangia programu, haiwatambui: inawahesabu waliomo moja kwa moja kwenye kundi la juu tu. Kwa hiyo mfamasia anaiona programu kwenye skrini yake, anaibonyeza, anapata kosa AADSTS50105, maana yake hajapangiwa programu hiyo. Msimamizi anarudi Teams kutafuta tatizo ambalo haliko kule. Dawa ni kupanga Maabara na Famasi kila moja peke yake, au kutumia kundi linalojijaza kwa kanuni, yaani mfumo huwaingiza watu kulingana na taarifa za akaunti zao.

Kundi la kanuni nalo lina masharti yake. Kanuni ikisema user.department -eq "Famasi", yaani idara ya mtumiaji iwe "Famasi" hasa, aliyeandikwa "Idara ya Famasi" anabaki nje, na aliyeandikwa "Pharmacy" vilevile. Kabla ya kuandika kanuni, pakueni orodha ya watumiaji, ipangeni kwa safu ya idara, msome mstari kwa mstari pamoja na ofisa utumishi. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo kanuni itawaacha nje watu wanaostahili kuwemo.

Mlango wa tatu ni wa data, nao ndio unaoninyima usingizi. Ruhusa ziko za aina mbili. Ya kwanza programu hutenda kwa niaba ya aliyeingia, kwa hiyo haifiki asipofika mwenyewe. Ya pili programu hutenda yenyewe, bila mtu. Programu ikipewa Files.Read.All, yaani ruhusa ya kusoma faili zote, ya aina hii ya pili, inaweza kusoma faili za taasisi nzima, hata kama kwenye Teams umeifungulia watu watano wa uhasibu. Kundi la Teams halina uwezo wowote wa kuizuia. Kabla ya kubonyeza kukubali kwa niaba ya taasisi, someni ruhusa moja baada ya nyingine, na mwulizeni mtengenezaji kama anaweza kutumia Sites.Selected, inayofungua maeneo mliyoyataja tu, au ruhusa inayoishia kwenye timu ambamo programu imewekwa. Tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, faili la mgonjwa au la mkopaji likisomwa na asiyehusika si suala la kiufundi tena.

Kwa sababu hiyohiyo, kuifunga programu kwenye Teams hakufuti ruhusa iliyokwisha kutolewa. Programu ikiachwa kutumika, ifungeni Teams, kisha nendeni Entra kwenye orodha ya programu za taasisi, muondoe ruhusa zake au mfute ingizo lake kabisa.

Kwa wanaosimamia Google Workspace, mfumo wa Google wa aina hiyo: huko mtumiaji yumo kwenye kitengo kimoja tu cha taasisi, lakini anaweza kuwa kwenye makundi mengi. Zimeni huduma kwenye kitengo, kisha iwasheni kwa kundi la ufikiaji, yaani kundi la wanaoruhusiwa kuitumia. Msitegemee kundi kumzimia mtu huduma ambayo kitengo chake kimeiwasha.

Kamati Tendaji inaomba mkutano huu upitishe fomu moja ya maombi ya programu, iliyoambatishwa. Ina sehemu za jina la programu, kundi litakalofunguliwa, mmiliki wa kundi, aina ya kila ruhusa inayoombwa, na tarehe ya kupitia upya, isiyozidi miezi sita. Tunasisitiza mmiliki awe mkuu wa idara, wala si mtu wa TEHAMA, kwa kuwa yeye ndiye anayejua nani amehamishwa na nani ameacha kazi. Inaomba pia wajumbe wawili wa kujaza nafasi zilizo wazi kwenye kamati ndogo, na tungependa mmoja wao atoke kwenye taasisi inayotumia Google Workspace. Majina yapokelewe na Katibu kabla ya kikao cha mchana.

Mwenyekiti