Mnunuzi wa trekta ndogo, anza na zana

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Kisauni, Shanzu na Mwakirunge wanaopanga kununua trekta ndogo za kutunzia viunga na ploti zao. Mimi ni fundi mitambo mstaafu. Miaka yangu ya kazi iliishia bandarini Kilindini, na siku hizi kazi zinanifuata nyumbani. Wanaokuja huanza na swali lilelile: "Ami, nichukue ya nguvu za farasi ngapi?" Hilo ni la mwisho. Kwanza niambie ardhi yako ina kazi gani, na kazi hiyo inataka zana gani. Zana ikishajulikana, trekta haina mjadala mrefu.

Chukua kiunga cha kawaida cha huku kwetu: ekari mbili tatu za minazi na miembe, na njia ya kifusi kutoka barabarani hadi mlangoni. Kazi kubwa ni nyasi na vichaka baada ya masika. Kisha kuna kuzoa makuti, makumbi na matawi, na kuitengeneza njia mvua ikishaichimba. Kulima hakumo. Mbona basi trekta nyingi ninazoitwa kuzitazama zimefungwa rotaveta nyuma, ile zana ya visu vya kuzunguka vya kulimia? Ni kwa sababu nyingi ni mitumba ya Japani, na huko zilikuwa zikivuruga matope ya majaruba ya mpunga. Mnunuzi huona amepata zana ya bure. Lakini udongo wetu wa ufuoni ni mwembamba na chini yake ni mwamba wa matumbawe. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa timbo la mawe pale Bamburi ameuona kwa macho. Visu vya rotaveta vikilikuta jiwe hilo hupinda au hukatika, na mshtuko wake huishia kwenye giaboksi. Mwambie muuzaji abaki nayo, apunguze bei.

Zana ya kwanza kwetu ni slasha, si ile ya mkononi bali ya kufungwa nyuma ya trekta, yenye visu vya kuzunguka vya kufyekea nyasi na vichaka. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila futi moja ya upana inataka nguvu za farasi 5, tena zile zinazofika kwenye shafti ya nyuma inayoizungusha zana, yaani PTO, si zilizobandikwa kwenye boneti, kwa kuwa nyingine hupotea njiani. Slasha ya futi 4 inataka 20 kwenye shafti, kwa hivyo trekta ya 25 inaitosha. Uzito wa slasha hiyo ni karibu kilo 200, basi uliza pia mikono ya nyuma ya trekta inayoibeba zana inainua kiasi gani. Dai kipimo cha uzito kilichochukuliwa sentimita 61 nyuma ya ncha za mikono, maana uzito wa zana hukaa huko nyuma. Wauzaji hupenda kutaja cha kwenye ncha kwa kuwa ndicho kikubwa. Tena nenda na rula: zana nyingi za trekta za kiasi hiki huundwa kwa pini za kufungia kwenye trekta zenye unene wa milimita 22 chini na 19 juu. Baadhi ya hizo mitumba zina vipimo vyake vyenyewe, na utajikuta kwa mchomeleaji kabla hujakata hata jani.

Slasha nayo italigonga jiwe, hilo halikwepeki. Visu vyake hufungwa viweze kurudi nyuma vikikutana na kitu kigumu, na kwenye shafti huwa na bolti laini iliyowekwa makusudi ikatike, giaboksi ipone. Ikikatika mara mbili tatu, hutamkosa fundi wa mtaani wa kukushauri utie bolti ngumu. "Hii haikatiki, mzee!" Anasema kweli, haikatiki. Itavunjika giaboksi. Weka bolti laini za akiba kwenye kisanduku cha spana.

Slasha nyingine, badala ya bolti, huwa na klachi ya kuteleza, sahani zilizobanwa kwa springi ambazo huteleza zana ikigonga kitu kigumu. Ni nzuri, ila hewa yetu ya chumvi haina huruma nayo: ikilala kiangazi chote, sahani zake hushikana kwa kutu na haitelezi tena, nawe unadhani una kinga. Kila msimu ukianza, legeza springi, izungushe mpaka iteleze, kisha kaza kama kitabu chake kinavyoagiza. Sijamsikia muuzaji akimweleza mteja jambo hili. Na slasha isiyo na pazia la minyororo mbele na nyuma usiinunue, kwa sababu vipande vya matumbawe huruka kama risasi, na viunga vyetu vimepakana na madrasa na madirisha ya watu.

Ya pili ni trela ya kupindua. Ya tatu ni kisu cha kusawazishia njia, hasa kile cha umbo la sanduku chenye meno ya kuchimbua kifusi kilichoshikana. Hizo zinatosha. Ndoo ya mbele kila mtu anaitamani, mimi siipendi kwa ekari mbili: ni ghali, inataka uzito mwingine nyuma la sivyo magurudumu ya nyuma yanainuka, na vijana wawili wenye mabeleshi watalijaza trela vizuri tu. Mwenye ng'ombe na samadi ya kuhamisha, huyo ana sababu.

Kinachonikosesha usingizi ni shafti yenyewe. Kwa mwendo wake wa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Watu wetu hufanya kazi na kikoi kiunoni, leso au kanzu. Nguo ikinaswa hakuna muda wa kupiga kelele. Gamba la plastiki linaloifunika ndilo la kwanza kupotea kwenye mitumba. Lisipokuwepo, bei yake ikatwe na lifungwe kabla trekta haijafanya kazi. Vivyo hivyo kile chuma kirefu nyuma ya kiti, kinachomkinga dereva trekta ikipinduka. Nimeona wanaokikata kwa grainda ili wapite chini ya miembe! Tafuta kinachokunjika. Kikiwa kimesimama, funga mkanda. Kikikunjwa, usiufunge, usije ukabanwa kitini.

Siku ya kwenda kulipa, muuzaji asijue saa utakayofika. Gusa injini kabla haijawashwa, inapaswa kuwa baridi, maana iliyopashwa moto huficha ugumu wake wa kuwaka. Ukiikuta imeshapashwa moto, rudi kesho yake alfajiri uiwashe wewe mwenyewe.

Fundi mitambo mstaafu,
Kisauni, Mombasa